Hawa wanaotupima masikio mgodini kazi yao hasa ni nini?

mchorongaji_wa_chini
Habari zenu wakuu. Niko shimoni mwaka wa 7 sasa, nachoronga mwamba kwa ile mashine ya upepo ya kushika mkononi. Kila mwaka tunapimwa masikio, unaingia kwenye kibanda unavaa hedifoni, ukisikia mlio unabonyeza, ukitoka unasaini basi, karatasi yenyewe sijawahi kuiona. Mwaka huu kapima dada mmoja mgeni, huyo akanikalisha chini akaanza kuuliza, usiku kukiwa kimya unasikia mlio masikioni? Nikasema ndio, kama nyenje wengi hivi. Akauliza tena, wanao wakikuita umewapa mgongo unawasikia? Hapo nikanyamaza, maana binti yangu siku hizi haniiti, anakuja kunigusa bega. Kaniambia nirudi nikiwa nimepumzika siku nzima anipime upya. Sasa wenzangu wanasema nisiende, ukionekana husikii unatolewa kazini. Hawa watu wapo kwa ajili yetu au ya kampuni? Na sikio likishaharibika wanaweza kulirudisha?

dada_audiolojisti
Kaka yangu, nenda. Nafanya kazi hiyohiyo na sitakuficha, kulirudisha hapana. Sikio la ndani lina chembe zenye vinyweleo, ndizo zinazopokea sauti, zikifa kwa kelele hazioti tena. Kifaa cha kusikilizia kinakuza sauti tu, kilichokufa hakirudi. Kwa hiyo kazi yetu kubwa iko kabla ya kuharibika.

Kwanini upumzike: ukitoka kuchoronga masikio yamechoka, yanasikia chini ya uwezo wake, yakikaa kwenye utulivu saa kadhaa yanarudi kiasi. Ukipimwa hapohapo majibu yanakuwa mabaya kuliko hali yako. Na ubaya mkubwa ni kama kosa hilo lilifanyika kwenye kile kipimo cha kwanza cha kuajiriwa, kwa sababu vipimo vyote vya mbele vinalinganishwa na hicho. Kama siku ile ulipimwa umetoka kwenye kelele, kitaonyesha umekuja kazini na sikio bovu tayari, halafu miaka 10 baadaye umepoteza kweli na karatasi inasema hujabadilika. Mimi mtu akitoka shifti simpimi, namrudisha, na masupavaiza nimeshagombana nao sana kwa hilo.

Kingine, kelele huanza kula sauti nyembamba za juu, za hezi 3000 mpaka 6000 (hezi ndiyo inapima wembamba wa sauti). Kwenye mchoro wa majibu ya kipimo unaona bonde linashuka hapo kwenye 4000 hivi kisha linapanda. Mwenye bonde hilo anakwambia nasikia vizuri, na kweli sauti anaisikia, ila maneno yanampotea kwa sababu s, t, f na sh zimefifia. Mtamkie sita, anaweza kukujibu tisa. Sasa mwambie huyo idadi ya mashimo yaliyojazwa baruti uone hatari yake.

Kuhusu kutolewa kazini, mimi nikiona bonde naandika mtu apunguziwe saa kwenye mashine, abadilishiwe kinga ya masikio, apimwe tena mapema. Usipopimwa ndio utakosa hata ushahidi siku ukitaka kudai fidia. Na omba nakala ya karatasi yako, ya kwanza na ya sasa, uziweke nyumbani.

mzee_wa_shimo
Hilo la sita na tisa limenigusa mwanangu. Nimestaafu, miaka zaidi ya 20 chini. Sisi mwamba tulikuwa tunausikiliza, kabla haujaanguka unalia, ta, ta, vidogo sana. Mwishoni msaidizi wangu ndiye alikuwa ananivuta shati, mzee toka hapo, mimi sijasikia kitu. Plagi za kuziba masikio tulikuwa tunapewa ila hakuna aliyetuonyesha kuzivaa, unachomeka tu nusu inabaki nje unaendelea na kazi. Mdogo wangu mchorongaji, nenda kapimwe.

kijana_wa_usalama
Shikamoo mzee. Hapo kwenye plagi ndipo na mimi nilipojifunzia umuhimu wa hawa wataalamu. Mimi niko upande wa usalama, nilikuwa nagawa maboksi nasaini najua kazi imeisha. Alikuja audiolojisti, mtaalamu wa kupima masikio, akamwita mtu mmoja mmoja, vaa nikuone. Wengi walikuwa hawajui! Plagi ya sponji unaisokota iwe nyembamba, mkono wa pili unapita juu ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, unaiingiza, unaishikilia mpaka ivimbe, kama nusu dakika. Halafu alikuwa anapima kila mtu plagi inamkinga kiasi gani akiwa ameivaa, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya maabara. Na akatupigia hesabu ambayo sijaisahau, plagi ya kupunguza desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa kelele) ukiitoa nusu saa tu ndani ya shifti ya saa 8, kinga ya siku nzima inabaki kama 12.

Kikomo kinachotumika sehemu nyingi ni desibeli 85 kwa saa 8, na wengi wanahesabu kila ikipanda 3 muda unagawanywa nusu. Piga mwenyewe mpaka 112, ambayo mashine ya kuchoronga inafika bila shida, muda unaobaki haufiki dakika moja. Kwa hiyo kinga peke yake haitoshi, lazima mashine yenyewe ishushwe kelele, sailensa kwenye tundu la kutolea upepo, dereva akae kwenye kabini iliyofungwa.

Na hapo tena yule mtaalamu alitusaidia. Alipanga michoro ya masikio kwa sehemu za kazi, akaona watu wa sehemu moja wanashuka wote na hakuna anayechoronga pale. Tukaenda na mita ya kupima kelele, kumbe ni feni ya hewa beringi zimekwisha, watu walishaizoea. Bila ile michoro kuwekwa pamoja tungeendelea kumlaumu mmoja mmoja kwamba havai plagi.

mama_loda
Samahani naingilia, mimi naendesha loda chini, ile mashine ya kuzoa mawe, zamani nilitibiwa TB kwa sindano miezi mingi na tangu hapo masikio yanapiga filimbi. Niseme au haihusiani?

dada_audiolojisti
Dada sema, tena sema kabla hujaingia kwenye kibanda. Baadhi ya sindano za TB kama streptomycin na kanamycin zinaharibu chembe zilezile, na sikio lililoguswa na dawa halafu likawekwa kwenye kelele linaumia zaidi. Mtu kama wewe tunampima mara nyingi zaidi. Na usichukue kinga nzito kupita kiasi, kwenye loda lazima usikie honi ya anayerudi nyuma, kwa hiyo waambie wakuchagulie ya kiwango cha kelele ya pale ulipo.

mchorongaji_wa_chini
Nawashukuru sana. Nimeenda jana. Bonde lipo, masikio yote mawili, kushoto zaidi. Akatoa na karatasi ya siku naajiriwa, saa ya kupimwa imeandikwa saa 9 alasiri, na mimi nakumbuka siku ile asubuhi yote tulikuwa kwenye mafunzo ya mashine, tukapelekwa kibandani na mavumbi yetu. Nikamwambia, akaandika kwenye faili na nakala zote mbili kanipa. Jumatatu anashuka shimoni na mita kupima mashine yangu, kaniambia nichoronge kama siku zote, nisijitengeneze kwa sababu yeye yupo.