Naombeni ushauri: utepe wangu wa nikeli-titani haukumbuki umbo tena

Mwanafunzi_Metali
Wakuu, habari zenu. Niko kwenye mradi wa aloi zinazokumbuka umbo, yaani ukizipinda zikiwa baridi hurudi umbo lake zikipashwa joto. Nilipitisha utepe wa nikeli-titani kwenye roli ukiwa baridi hadi ukawa mwembamba sana, kisha nikauweka kwenye tanuri la nyuzi 300 ili fuwele zibaki ndogo. Nguvu umepata kweli. Lakini nikiupoza hadi chini kabisa ya sifuri na kuupinda, hautulii katika umbo jipya, unachomoka kama springi. Kalorimita (kipimo cha joto linalotolewa au kunyonywa metali inapogeuka) nayo haionyeshi kilele chochote. Nimekosea wapi?

Bi_Fuwele
Mdogo wangu, hapo hujaharibu kitu. Kumbukumbu inatoka kwenye austenaiti (mpangilio wa atomi wa metali ikiwa na joto) kugeuka martensaiti (mpangilio wa baridi) inapopoa. Chembe, yaani fuwele moja moja ndani ya metali, ikigeuka hubadili umbo, na majirani wameibana pande zote. Chembe kubwa hujigawa katika tabaka pacha, hii inaelekea huku na ile kule, mkazo ukafutana. Chembe ndogo italazimika kuwa na tabaka nyembamba mno, na kila mpaka kati ya tabaka mbili unadai nishati yake. Chini ya nanomita 50 hivi, gharama hailipiki tena na martensaiti haizaliwi hata upoze vipi. Chembe nyingine huishia awamu ya R, mpangilio wa katikati ambao hubadili umbo kidogo tu.

Fundi_Tanuri
Bi Fuwele yuko sahihi, ila usiutupie ukubwa lawama zote. Roli huacha kasoro nyingi ndani ya fuwele, nazo huzuia mageuzi vilevile. Ulipimaje ukubwa?

Mwanafunzi_Metali
Kwa eksirei, mkuu. Mistari kwenye mchoro wa eksirei ni mipana sana, ishara ya chembe ndogo. Nipandishe hadi nyuzi 500?

Fundi_Tanuri
Mistari hupanuliwa na mkazo pia, kwa hiyo thibitisha kwa hadubini ya elektroni. Halafu usiruke hadi 500. Kata vipande vya utepe huohuo, vipashe 350, 400, 450 kwa muda uleule, uone kilele kinarudi wapi. Kama nikeli imezidi nusu ya atomi, kumbuka joto hilo huzalisha mashapo (vijichembe vipya ndani ya metali) yanayoinyonya, na badiliko la nikeli la sehemu moja ya kumi ya asilimia huhamisha joto la mageuzi kwa takriban nyuzi 10.

Bi_Fuwele
Kabla ya kukata, amua unataka nini. Ukitaka kifaa kinachosogea kwa joto, kuza chembe. Ukitaka springi ya kuvutwa na kuachiwa mara maelfu, mimi ningeuacha ulivyo: katika chembe ndogo hivyo, nishati inayopotea kila mzunguko hupungua mno na metali huchoka polepole.

Mwanafunzi_Metali
Mradi unahitaji kusogea. Nakata vipande leo, nitaleta michoro ya kalorimita hapahapa.