Coloma na migodi ya kale ya dhahabu California: tuanzie wapi?

Habari wadau. Julai tutakuwa Sacramento na watoto, miaka 8 na 12. Wanataka kuosha mchanga wa mto kwa karai kutafuta dhahabu. Siku mbili zinatosha?

Jibu 1: Zinatosha. Siku ya kwanza Coloma, kama saa moja kwa gari. Ndipo James Marshall alipookota dhahabu Januari 24, 1848. Kuosha kunaruhusiwa sehemu iliyotengwa tu, kwa mikono na karai. Koleo liacheni. Nendeni asubuhi, mchana jua ni kali mno.

Jibu 2: Kuhusu karai: jaza robo tatu, lizamishe lote majini, ponda udongo kwa vidole, kisha tikisa kushoto na kulia kwa nguvu. Hapo ndipo dhahabu inashuka, maana ina uzito mara 19 wa maji, mchanga wa kawaida haufiki mara 3. Wengi huinamisha karai mapema na kumwaga kila kitu. Ukibaki na mchanga mweusi, ule mzito unaokaa chini pamoja na dhahabu, punguza mwendo. Mikono yenye mafuta ya kujipaka huelesha chenga za dhahabu. Tone la sabuni ya vyombo hutibu.

Jibu 3: Hapo Coloma watoto wasiachwe peke yao ukingoni mwa mto. Bwawa la juu likifungulia maji, mto hupanda ghafla, na ni baridi hata Julai.

Siku ya pili nendeni Empire Mine, mgodi wa kale wa dhahabu mjini Grass Valley, uliofungwa 1956. Mahandaki yake yanakaribia kilomita 590, ila mgeni huchungulia tu mdomo wa shimo. Mashine na bustani ndizo za kuona.