Tupeane uzoefu: kijana wa chuo cha ufundi anajifunzia wapi usalama, karakana au saiti?

Timazi: Wakuu, kijana anamaliza chuo, vifaa kinga vyote kaviorodhesha kwenye mtihani, halafu wiki ya kwanza saiti ya ujenzi anapanda ngazi na tofali begani. Kasoro iko wapi? Leteni mambo ya vitendo.

MwalimuKarakana: Kasoro inaanzia kwenye ratiba. Usalama ukiwa somo la peke yake, muhula wa kwanza, kwenye daftari, utakaririwa na kusahaulika. Uingizeni ndani ya kazi yenyewe. Mfano ngazi: mpe mwanagenzi ngazi na tepu. Kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani. Ncha izidi pale anaposhukia kwa kama mita 1, na ifungwe. Kisha mwambie aisimamishe karibu mno na ukuta, wenzake wameishika, atikise: ataona inavyotaka kumrudia mgongoni. Ailaze kupita kiasi, mguu unateleza. Dakika kumi tu.

La pili ni alama. Ukuta umenyooka kwa timazi lakini jukwaa alilosimamia halina reli ya kuzuia kuanguka? Kazi imefeli, irudiwe. Vijana wanajua kabisa kipi kinapimwa na kipi ni pambo la mtaala.

Kokoto: Mmesahau zege. Uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) wanauimba usingizini, ila ni wachache wanaoambiwa kuwa saruji mbichi ina pH ya 12 hadi 13, yaani ni alkali kali inayounguza ngozi. Kijana anapiga magoti akisawazisha sakafu, maji ya zege yanapenya suruali, hasikii kitu. Ubaya wake ndio huo: maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na yakianza ngozi imeshaliwa. Zege likiingia kwenye buti, vua palepale, usingoje kumaliza kumwaga. Osha kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 na zaidi. Glavu za kitambaa zilizolowa hazikingi, zinaibana saruji kwenye ngozi. Haya yasemwe siku ya kwanza ya kuchanganya, koleo likiwa mkononi.

Msingi: Na mitaro jamani. Wanafundishwa kuchimba, hawafundishwi kuusoma udongo. Mita moja ya ujazo ya udongo ni tani 1.5 au zaidi. Ukimfukia mtu mpaka kifuani anaweza kukosa pumzi hata kichwa kikiwa nje. Kabla ya kushuka asimame ukingoni aseme kwa sauti: kuna ufa unaofuatana na ukingo? Udongo uliotolewa uko angalau sentimita 60 kutoka mdomoni mwa mtaro? Ngazi ya kutokea iko wapi? Mvua ikinyesha usiku, asubuhi anaanza upya.

FomeniX: Yote sawa, ila mnaitetea karakana kirahisi. Kijana anakuja anajua. Anakutana na fundi wa siku nyingi anayemwambia "toa hiyo kinga ya grenda, inakuziba macho" (grenda ni mashine ya mkono ya kukatia kwa diski inayozunguka). Mgeni wa wiki mbili hana ubavu wa kubisha. Anaitoa, na akishaitoa, diski ya inchi 9 inaingia kwenye mashine ya inchi 4 na nusu. Diski hiyo imeandikwa mizunguko kama 6,600 kwa dakika, mashine ndogo inakimbia 11,000 hivi. Inapasuka, vipande vinakuja usoni. Kinga ndiyo iliyokuwa inazuia diski kubwa isiingie, na hilo chuoni halielezwi. Wanaambiwa tu "usitoe kinga".

Kwa hiyo wafundisheni na maneno. "Fundi, nipe dakika moja nitafute diski yake, nikate." Hajamwambia mkubwa amekosea, na diski haijafungwa. Wafanye zoezi hilo kwa mdomo, mmoja akiwa fundi mkali, mpaka aibu iishe.

Timazi: Hapo kwenye maneno umenigusa. Na mkanda wa kujikinga na kuanguka? Wengi wanajua kuvaa tu.

MwalimuKarakana: Wapige hesabu ubaoni. Kamba mita 1.8, kifyonza mshtuko kikifunguka mita 1.1 hivi, kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo mita 1.5, akiba mita 1. Jumla 5.4, ikipimwa kutoka pale kamba ilipofungwa kwenda chini. Sasa muulize: uko kwenye sakafu ya mita 4, umefunga usawa wa miguu, utasimamia wapi? Atagundua mwenyewe kuwa anafika chini kabla mkanda haujamaliza kumdaka. Hapo ni kuweka reli, au kufunga juu ya kichwa na kamba fupi.

FomeniX: Ongeza na nani atamshusha aking'inia, maana dakika zinahesabika. Na mkanda uliokwisha kumdaka mtu, hata ukionekana mzima, ukatwe vipande siku hiyohiyo. Ukirudi stoo, atakayepewa ni mwanagenzi.