Nani atanionyesha faiba imepita wapi mtaani kwetu?

Kutoka: Mama Nasra, Midlands
Jumatatu usiku

Assalaam alaykum ndugu zangu, na kwa wazee wetu waliomo humu, shikamooni.

Naomba msaada kwa jambo linalogusa riziki yangu. Mimi ni mkalimani, na tangu hospitali za hapa Uingereza zihamishie sehemu kubwa ya kazi zetu kwenye video, siku yangu yote inategemea laini ya nyumbani. Niko kwenye huduma ya intaneti iitwayo FTTC, inayonipa megabiti 11 kwa sekunde kushuka (kupakua) na isiyofika hata 1 kupanda (kupakia). Wiki iliyopita sauti ilikatika mara tatu wakati mama mmoja kutoka Goma alipokuwa akimweleza daktari maumivu ya kifua chake, na mara ya tatu daktari aliniomba radhi akatafuta mkalimani mwingine. Nililia, kwa sababu yule mama alikuwa ameanza kuniamini.

Nyumba za upande wa pili wa barabara zina faiba tangu mwaka jana, lakini mimi nikiingiza anwani yangu naambiwa haimo kwenye mpango wa ujenzi. Ijumaa nilikwenda halmashauri, nikaambiwa kwamba nyaya si zao na ramani ni mali ya kampuni. Nilipoipigia kampuni, nikajibiwa kwamba ramani ni siri ya biashara na ni suala la usalama. Swali langu ni moja tu: je, ipo ofisi au ramani ambayo mkaazi wa kawaida anaweza kuitazama ikamwonyesha mtandao umepita kwenye shimo gani, umepanda nguzo gani, na umeishia wapi?

*

Kutoka: Mzee wa Reading
Jumatatu usiku

Wa alaykum salaam binti yangu, pole sana kwa yaliyokukuta.

Kabla hujaenda ofisi yoyote, toka nje utafute kabati la kijani lililosimama kando ya njia. Nilipohamia hapa, watu wote wa mtaani walikuwa wakilalamika kuhusu kasi, nami nikalitafuta kabati, nikalikuta hatua chache kutoka mlangoni, nikajua kwamba faiba imefika. Niliagiza huduma na ndani ya wiki mbili nikawa na megabiti 70. Kabati likiwa karibu, faiba iko karibu, huhitaji ramani.

*

Kutoka: Fundi wa Nyaya, Leeds
Jumanne asubuhi

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, ushauri huu umeshawapoteza watu wengi humu na siwezi kuuacha upite bila kuusahihisha. Kabati la kijani ni la FTTC, huduma ambayo Mama Nasra tayari anayo na ndiyo inayomtesa. Uzi wa kioo unafika kwenye kabati, na kutoka hapo hadi nyumbani ni shaba ya zamani, ambayo kasi yake hupungua kila inapozidi kuwa ndefu. FTTP, yaani faiba inayofika hadi ndani ya nyumba, haipiti kwenye kabati hilo hata kidogo. Uzi unatoka kwenye jengo la mitambo, ambalo linaweza kuwa mji mwingine kabisa, unapita kwenye mabomba chini ya njia, unaingia kwenye kigawanyio ambapo uzi mmoja hugawiwa hadi nyumba 32, kisha unaishia kwenye CBT, yaani kisanduku cha kuunganishia nyumba za jirani, na kutoka CBT ndipo unapovutwa waya wa mwisho hadi ukutani kwako.

Kwa hiyo, dada, tafuta CBT. Kama mtaa wenu una nguzo, angalia nguzo ambayo waya wa simu wa nyumba yako unatokea. Namba yake itaandikwa pamoja na herufi DP. Juu yake, kama imeshawekwa faiba, utaona kisanduku cheusi chenye matundu ya kuchomekea nyaya. Kama mtaa hauna nguzo, CBT iko ndani ya shimo, na hapo soma mifuniko iliyo chini. Wenye CATV ni wa mtandao wa kebo za televisheni wa miaka ya tisini, na wenye BT au Post Office ni wa mtandao wa simu. Ila usidhani kwamba mfuniko wa BT una nyaya za BT peke yake, kwa kuwa chini ya utaratibu uitwao PIA kampuni nyingine hupitisha nyaya zao kwenye mabomba na nguzo hizo hizo. Tafadhali usifunue mfuniko wowote. Mashimo yale yanaweza kuwa na gesi na magari hayakuoni ukiinama.

*

Kutoka: Da Mwana, London
Jumanne mchana

Kaka Fundi amesema kweli kuhusu kabati, lakini kumwambia mama wa watu azunguke akihesabu nguzo si jibu la swali lake. Ameuliza habari za ramani.

Dada, ramani zipo za aina mbili na watu huzichanganya. Aina ya kwanza inaonyesha huduma: kikaguzi cha Ofcom, mamlaka ya mawasiliano, kinakuambia ni mitandao gani inayofika kwenye anwani yako, na ramani ya tovuti ya thinkbroadband inakupakia rangi kwa kila postikodi na kila kampuni. Hizi ziko wazi kwa kila mtu, lakini hazionyeshi hata bomba moja. Aina ya pili inaonyesha mabomba na nyaya zenyewe. Serikali imejenga NUAR, ambayo inakusanya mabomba ya maji, gesi, umeme na mawasiliano ya England, Wales na Northern Ireland kwenye ramani moja, lakini wanaoruhusiwa kuifungua ni wamiliki wa mitandao, halmashauri na makandarasi wao. Sisi wakaazi hatumo. Ukiwa na shughuli ya kuchimba, unaweza kupitia huduma ya mtandaoni ya LSBUD bila malipo ukajua nani ana mali chini ya ardhi hapo, kwa sababu nia yake ni kuzuia watu wasikate nyaya na mabomba. Bomba kupita mbele ya mlango wako hakumaanishi kwamba unaweza kuunganishwa nalo.

*

Kutoka: Mwanafunzi wa Sheria, Manchester
Jumanne jioni

Kwa nini mnazunguka wakati kuna FOI, sheria ya uhuru wa kupata taarifa? Mwandikieni muhusika barua, naye analazimika kujibu ndani ya siku 20 za kazi.

*

Kutoka: Da Mwana, London
Jumanne jioni

Mdogo wangu, sheria ile ya mwaka 2000 inazibana mamlaka za umma. Kampuni binafsi ya mawasiliano haijibu FOI, na ramani ni yao. Unaweza kuiomba halmashauri vibali vya kuchimba barabara, lakini hata hivyo huna haja ya kusubiri siku 20, maana tovuti ya one.network inaonyesha kwenye ramani ya wazi kazi za barabarani zinazoendelea na zilizopangwa, pamoja na jina la anayechimba. Ukiona kampuni ya faiba imeomba kuchimba mtaa wa jirani mwezi ujao, umeshajua inakoelekea.

Niseme na langu, kwa sababu kuna watu hapa wanafikiri kuijua njia ya waya ndiyo mwisho wa safari. Mimi ninaishi ghorofa ya nne. Faiba iko kwenye chumba cha mitambo chini ya jengo letu, nimeiona kwa macho yangu mlinzi aliponifungulia, na ni mwaka wa pili sasa siwezi kuipata kwa sababu mwenye jengo hajatia saini wayleave, yaani kibali cha kupitisha nyaya kwenye jengo lake. Wakala wake hajibu barua. Ipo sheria ya 2021 inayoiruhusu kampuni kwenda kwenye baraza pale mwenye nyumba anaponyamaza, lakini anayekwenda ni kampuni, si mpangaji, na kampuni haijaona faida ya kwenda kwa ajili ya jengo letu dogo.

*

Kutoka: Baba Rehema, Slough
Jumanne usiku

Nawasalimu nyote. Ninaposoma haya ninakumbuka Mombasa, 2009, tulipokuwa tukiulizana kila siku mkongo wa baharini wa TEAMS umefika wapi kutoka Fujairah, na SEACOM nayo ikafika mwaka huo huo, kisha EASSy mwaka uliofuata. Watoto wa Nyali na wa Kisauni walikuwa wanajua majina ya mikongo kama wanavyojua timu za mpira. Mpaka leo nikienda nyumbani naona nyaya za faiba zimefungwa kwenye nguzo za umeme mbele ya macho ya kila mtu, na ukimuuliza kijana yeyote barazani atakuonyesha waya upi ni wa kampuni ipi na nyumba ipi imeunganishwa. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kule kusini, ndugu yangu aliyekuwa Dar alinieleza ni upande gani wa bahari umekatika kabla sijalisoma gazetini.

Ninachotaka kusema ni kwamba ramani ya mikongo ya baharini ya dunia nzima iko wazi, na kila mtu anaona inapofika nchi kavu. Hapa Uingereza ninaweza kuitazama mikongo inayotoka baharini hadi fukwe za Cornwall, lakini siwezi kuambiwa bomba lililo mbele ya geti langu lina nini. Wanaposema usalama, mimi ninaona biashara: hawataki mshindani ajue wapi wameacha pengo.

*

Kutoka: Fundi wa Nyaya, Leeds
Jumanne usiku

Baba Rehema, ninakuheshimu, lakini hujaziona nyaya zilizochomwa moto ndani ya shimo na watu waliodhani ni shaba ya kuuza. Mimi nimeziunganisha upya, uzi kwa uzi, usiku kucha kwenye mvua, wakati kijiji kizima hakina simu. Usalama si kisingizio cha bure.

*

Kutoka: Mzee wa Reading
Jumatano asubuhi

Fundi, nimekubali kosa langu kuhusu kabati. Binti yangu, kupanda chini ya megabiti 1 ni chini ya USO, kiwango cha chini cha intaneti kilichowekwa kisheria, ambacho ni 10 kushuka na 1 kupanda. Hiyo ni haki yako tangu Machi 2020, idai.

*

Kutoka: Da Mwana, London
Jumatano asubuhi

Mzee, shikamoo. Haki ipo, lakini USO si haki ya faiba. Inaweza kutimizwa kwa 4G, na kama kujenga kunazidi pauni 3,400 anayeomba huombwa alipe kilichozidi. Asiingie huko akitarajia CBT.

*

Kutoka: Mama Nasra, Midlands
Jumatano jioni

Ahsanteni nyote, Mwenyezi Mungu awalipe. Leo nilitembea mtaa mzima na daftari. Nguzo ya upande wa pili, ambayo nyaya zake zinavuka kwenda kwa majirani zangu, ina kisanduku cheusi. Nguzo ya upande wetu, ambayo waya wangu unatokea, haina, ila chini yake kuna lami mpya iliyokatwa kwa mstari mrefu unaokwenda hadi kwenye shimo, na mfuniko wa shimo ni mpya. Kitu kimepita hapo. Nilitazama one.network na sikuona kazi yoyote iliyopangwa.

Jambo la pili limenishangaza zaidi. Kikaguzi cha Ofcom kinaonyesha faiba kwa namba 7, na nyumba yetu ni ya saba. Lakini nyumba hii iligawanywa kuwa 7A na 7B kabla sijapanga, na 7A yangu haimo kwenye orodha ya anwani. Je, hii ndiyo sababu, au ni nguzo?

*

Kutoka: Mkaazi wa Coventry
Jumatano usiku

Dada, yalinipata hayo hayo. Anza na UPRN, namba ya pekee ya kila anwani. Itafute nyumba yako kwenye tovuti ya FindMyAddress; kama 7A haina namba yake, basi kwa Ofcom na kwa kampuni wewe hupo, hata faiba ikipita chini ya kitanda chako. Namba hizo hutolewa na halmashauri, kitengo kinachotoa majina ya mitaa na namba za nyumba, kwa hiyo yule aliyekwambia si kazi yao alikuwa akijibu swali jingine. Mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuomba. Wangu aligoma miezi mitano kwa sababu hakutaka halmashauri ijue kwamba ameigawa nyumba.

*

Kutoka: Mama Nasra, Midlands
Jumatano usiku

Mwenye nyumba wangu yuko Dubai na hapokei simu. Je, mpangaji anaweza kuomba mwenyewe?

*

Kutoka: Baba Rehema, Slough
Alhamisi asubuhi

Kabla hajajibiwa Mama Nasra, kuna yeyote anayejua kama faiba ya Slough upande wa kusini wa reli ni ya nguzo au ya chini? Wanangu wanasema wameona mafundi wakipima.