"The headmaster, together with the teachers": has au have?

Mhariri_wa_Zamu: Wakuu, naomba msaada. Nahariri barua ya shule, aliyeiandika kaweka: The headmaster, together with the teachers, have arrived. Programu inaipigia mstari. Mbona kwa Kiswahili "mwalimu mkuu pamoja na walimu wamewasili" haina tatizo? Na a number of parents inachukua ipi?

Kiima: Ni has. Kwa Kiingereza, together with haiongezi idadi ya kiima. Funika kwa kidole yaliyo kati ya koma mbili, usome kinachobaki: The headmaster has arrived. Ndivyo ilivyo kwa as well as, along with na including. Ukitaka wingi, tumia and. Ila angalia hapa: the headmaster and the secretary are ni watu wawili; the headmaster and secretary is ni mtu mmoja mwenye vyeo viwili. Hiyo the ya pili usiidharau.

A number of parents have, maana yake wazazi kadhaa. The number of parents has, hapo inasemwa idadi yenyewe: imepanda au imeshuka.

Bi Sarufi: Kidole cha Kiima kinakwama kwenye either… or na neither… nor. Huko kitenzi hufuata nomino iliyo jirani nacho: Neither the headmaster nor the teachers have signed. Ukigeuza, nor the headmaster has, ni sahihi lakini inakwaruza sikio, kwa hiyo ya wingi iweke mwisho.

Penginepo ujirani huohuo ndio unaoponza. One of the teachers is absent, si are; teachers imekaa tu karibu na kitenzi, kiima ni one.

Ngeli18: Mkuu, mengi tunayokosea yanatoka kwenye ngeli zetu. Nywele zake ni nyeusi, basi mtu anaandika her hair are. Hapana, her hair is. Suruali imechanika, moja tu, lakini my trousers are torn. Mkasi nao, the scissors are. Vifaa vimefika: the equipment has arrived, na usithubutu kuipachika s. Polisi ndiyo kiboko: the police are daima, na ukimtaka mmoja andika a police officer is. News ina s mwishoni na bado ni umoja.

Mhariri_wa_Zamu: Asanteni sana. Chini ya barua kuna the committee pia.

Bi Sarufi: Marekani kwa kawaida wanaandika has. Uingereza zote mbili zinakubalika: has ukiiona kamati kama chombo kimoja, have ukiwafikiria wajumbe mmoja mmoja, kama the committee have argued among themselves. Kwa barua rasmi weka has. Kisichosameheka ni kuchanganya: the committee has met and have decided. Pitia na viwakilishi pia, maana ukianza na has halafu ukaandika their decision, umeshahama. Andika its.