Tailizi mpya juu ya za zamani, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, ina tailizi za zamani za 30 kwa 30. Fundi anasema tusibomoe, tupige za 60 kwa 60 juu yake, niokoe hela ya kifusi. Mwanzoni alitaka kutumia udongo wa simenti tu, nikakataa. Sasa kakubali gundi. Jana nimezigonga moja moja kwa mpini wa nyundo: nane karibu na jikoni zinalia tupu, nyingine zimeshika. Chini ya mlango kuna nafasi ya kidole kimoja tu.

Je, nikiziondoa hizo nane, nikaziba mashimo na kukwaruza zilizobaki kwa grenda, gundi itashika? Na mlango nikate kabla au baada?