Ziara ya masomo Zambia: kutembelea kampuni Ndola na Lusaka, tujipangeje?

Kijana_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Darasa letu la biashara hapa Mbeya linakwenda Zambia kwa wiki moja, wanafunzi 24 na mwalimu mmoja. Kila kundi litaandika ripoti kuhusu ugavi na gharama. Ratiba ya awali ina kampuni tatu kwa siku, na usafiri ni treni ya TAZARA. Barua ziandikweje? Na tukishaingia ndani, tuulize nini cha maana?

Wakala_Tunduma
Tatu kwa siku haiwezekani, wekeni mbili. Getini mnaandikishwa, mnapewa maelezo ya usalama, mnavalishwa helmeti na reflekta. Nusu saa imekwisha na hamjaona mashine.

TAZARA inaishia New Kapiri Mposhi. Hapo mnapanda basi: Ndola iko kaskazini, Lusaka kusini kama kilomita 200. Anzeni Ndola, malizieni Lusaka, kisha rudini kwa basi hadi Nakonde, mpakani upande wa Zambia. Treni huchelewa, kwa hiyo siku baada ya kufika iacheni wazi.

Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mwaliko wa 09:00 ni saa 3 asubuhi kwao, kwetu ni saa 4. Ukisahau wakati wa kwenda utawahi tu. Balaa ni kurudi: tiketi ya Tunduma–Mbeya ni ya saa zetu, ninyi mnahesabu za Nakonde, basi linawaacha. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla, na kadi ya njano ikae pamoja na pasipoti.

Dada_Ugavi
Barua iende wiki sita hadi nane kabla, na ukurasa mmoja unatosha: idadi, fani, tarehe mbili mbadala, na idara mnazotaka kuona. Ukiandika "kujifunza shughuli za kampuni" mtaletewa ofisa uhusiano na video ya matangazo. Andikeni "mapokezi ya malighafi, ghala na upakiaji". Wiki moja baadaye pigeni simu, maana barua pepe peke yake hulala.

Watu 24 msiingie kwa pamoja. Mashine zikinguruma, ni wale wa mbele tu wanaosikia. Ombeni makundi mawili ya 12. Viatu vifunike vidole. Kwenye kiwanda cha chakula pete, hereni na saa vinabaki nje, na mwenye kuharisha asiingie hata kama amelipa nauli. Picha ni mpaka mruhusiwe.

Mhasibu_Iringa
Faida msiulize. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Lusaka hutoa taarifa ya mwaka, isomeni kabla ya safari. Mkikuta taarifa za kabla ya 2013, kumbukeni mwaka huo kwacha iliondolewa sufuri tatu. Mkizilinganisha kichwakichwa mtaandika vichekesho. VAT yao ni 16%, ya kwetu 18%, basi ulizeni kama bei mnayotajiwa ina kodi ndani.

Meneja wa ghala ndiye mwenye ripoti yenu. Malighafi inakaa siku ngapi kabla ya kutumika? Msambazaji analipwa baada ya siku ngapi? Kati ya mifuko 100, mingapi hukataliwa, na kwa sababu gani? Wakati wa mgao wa umeme wa 2024, ukame ulipopunguza maji ya bwawa la umeme la Kariba, waliendeshaje zamu, na dizeli iliongeza kiasi gani kwenye gharama ya kila tani? Mmoja aulize, wawili waandike, na usiku huohuo mlinganishe tarakimu. Ukingoja hadi Mbeya, kila mtu ana namba yake.

Kijana_Uyole
Shukrani sana. Ndola mngetuchagulia nini?

Dada_Ugavi
Kampuni ya bomba la mafuta ya TAZAMA, mdogo wangu. Bomba lao la kilomita 1,710 linatoka Dar es Salaam na kupita nyanda zetu hizi. Zamani lilibeba mafuta ghafi, sasa ni dizeli. Kundi la gharama lipige hesabu ya bomba dhidi ya malori yanayopanga foleni Tunduma.